Nyasi za Nusu Njia

Watoto wangu wawili wa Texas walikuwa wakinipokezana kwenye kituo cha mafuta. Chepngetich anakaa Mesquite, upande wa Dallas. Kipngeno anakaa Pearland, ukishaipita Houston. Katikati yao kuna barabara iliyonyooka mpaka usingizi unakushika hata kama wewe siye unayeendesha. Mwezi wangu ukiisha kwa huyu, ananipakia, ananifikisha nusu ya njia, na mwenzake ananichukua.

Chepngetich huegesha karibu na friji la barafu. Kipngeno huegesha kule wanakojazia magurudumu upepo. Hakuna anayeshuka. Ninayeshuka ni mimi, kitambaa kichwani, mkoba kwapani, navuta sanduku langu juu ya lami kama mfungwa anayebadilishwa mpakani. Safari moja nilisimama katikati kabisa nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu, nione ni nani atachoka kwanza. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba. Dereva wa lori ndiye aliyeshuka kuja kuniuliza kama ninahitaji msaada. Wangu walibaki ndani ya magari, wanatazama simu.

Ugomvi wao ulianzia kwenye maiti ya baba yao. Mzee wangu alipofariki, mwaka juzi, Chepngetich alipanda ndege akaja Sotik. Kipngeno hakuja. Ni mwanangu wa kiume wa pekee, na udongo wa kwanza wa kaburini, ambao ulikuwa haki yake kuutupa, ukatupwa na binamu yake Kipchoge. Watu waliuliza, nikawaambia kazi za Amerika hazina huruma. Chepngetich aliporudi huku, Wakenya wa Dallas wakafanya ibada ya shukrani kanisani. Akapewa maiki awashukuru waliochanga na waliosali. Akashukuru vizuri sana, halafu akamalizia, "Na hata wale walioona overtime ni muhimu kuliko baba, Mungu awabariki."

Kipngeno alikuwa amekaa safu ya pili. Alikuwa ameendesha gari tangu alfajiri na sufuria kubwa ya nyama ya mbuzi kwenye buti. Akasimama, akaenda jikoni mwa kanisa, akachukua sufuria yake, akarudi nayo Houston.

Tangu hapo, kimya. Wachungaji wamejaribu, na wazee wa Bomet wamejaribu kwa simu wakiwa wengi kwenye laini moja, kila mmoja akiuliza kama anasikika. Wapi.

Sasa tiketi yangu ya kurudi nyumbani ilikuwa imekaribia. Mimi si mgonjwa, nina presha ya kawaida ya kuzaa watoto wenye vichwa vigumu. Lakini mwanamke wa umri wangu akipanda ndege kwenda kwao, hawezi kuahidi kwamba atarudi tena. Nikawa najiuliza kitu kimoja tu. Siku simu itakapopigwa kutoka Sotik kusema na mimi nimekwenda, ikimpata mmoja wao, huyo atamwambiaje mwenzake? Atamtumia ujumbe? Atamwambia nani amwambie? Hilo lilininyima raha hata ya chai.

Aliyenipa njia ni Annonciata, jirani yetu pale kwenye apatimenti za Mesquite, mama wa Kikongo kutoka Uvira. Yeye na mimi hukaa kwenye ngazi mchana watoto wakiwa kazini, tunasengenya majengo kwa kuwa watu wa kusengenya hawaonekani. Kiswahili chake na changu vinagongana hapa na pale, lakini kwenye kucheka tunaelewana kabisa.

"Mama," akaniambia, "miye niliendaka na batu ya kanisa kule njia ya Houston. Kuko pahali balichunga majani. Majani tu. Inapita mutu mukubwa. Nililia, mama. Nilisikia ni kama niko kwetu."

"Wanachunga ng'ombe kwenye hayo majani?"

"Hapana. Banachunga majani yenyewe."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Akasema kuna njia za kutembea, kuna choo safi, kuna kijito, na ukipotelea mle ndani utatafutwa mpaka jioni.

Nikamwomba aniandikie jina la mahali.

Usiku huo nikampigia Kipngeno. Nikamwambia dada yako amechoka na kile kituo cha mafuta, anaomba safari hii unichukulie kwenye mbuga fulani ya nyasi, si mbali na pale. Asubuhi nikamwambia Chepngetich kwamba kaka yako anaomba hivyo hivyo. Kila mmoja alinuna. Kila mmoja alikubali, maana hakuna aliyetaka kuonekana ndiye mgumu. Uongo wangu haukuwa mkubwa. Niliukata vipande viwili vinavyolingana.

Tulitoka Jumamosi, mwezi wa kumi, jua likiwa limepunguza ukali. Chepngetich alikuwa ametoka zamu ya makao ya wazee, amelala kidogo tu, kahawa mkononi. Tukaiacha barabara kubwa, tukaingia kaunti yenye hiyo mbuga, na mimi nikafungua dirisha. Nawaambieni ukweli, nimekaa Texas hii nikidhani imejengwa kwa maegesho ya magari. Kumbe wameificha nyingine nyuma. Tulipita ng'ombe weusi wanono, wanatembea polepole kama wake wa wabunge. Tulipita majani makavu yaliyoviringishwa na mashine, marobota makubwa kuliko nyumba yangu ya kuku, yametandazwa shambani hakuna hata anayeyalinda. Tukapita mji mdogo wenye uwanja katikati na mahakama ya mawe mekundu yenye saa juu, na kando yake maduka ya vitu vikuukuu. Kwenye dirisha moja kulikuwa na pasi ya makaa kama niliyoitupa mimi.

"Mama, funga dirisha, unaingiza vumbi."

"Vumbi hili silijui jina lakini nawajua ndugu zake," nikasema. Sikufunga.

Pale mbugani kuna nyumba ndogo ya mbao na mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia ya majani, anajitolea. Akatupa ramani. Akaeleza, na Chepngetich akanitafsiria kwa sauti ya mtu aliyekosa usingizi, kwamba zamani nchi yote hii ilikuwa nyasi za namna hii, siku kwa siku unatembea huzimalizi. Watu wakaja wakalima pamba, wakajenga, nyasi zikaisha. Kipande hiki kilibaki kwa sababu familia moja ilikataa kukitia jembe, na sasa wanakitunza. Hata moto wanakipiga wenyewe kwa zamu, kipate kuchipuka.

Kwanza nilicheka kimoyomoyo. Nchi yenye ndege na mabenki, watu wazima kazi yao ni kulinda nyasi. Halafu nikaziona. Zilikuwa zimesimama juu kuliko Chepngetich, nyekundu za kutu, nyingine za dhahabu, upepo ukipita zinalala zote pamoja zinainuka zote pamoja. Mwili wangu ukajua ni za kwetu kabla yangu. Nikashukuru ile familia ambayo sikuwahi kuiona, kwa uvivu wao wa kulima au kwa akili yao, vyovyote ilivyokuwa.

Kipngeno akafika. Akaegesha mwisho kabisa wa uwanja, kama kawaida yake. Hakushuka. Chepngetich akafungua buti, akaniteremshia sanduku, akarudi ndani akafunga mlango.

"Nenda, Mama. Salamu kwa watoto wake."

"Ngoja kwanza niende chooni," nikasema. Sanduku nikaliacha katikati. Simu nikaiacha kwenye kiti cha gari, kwa makusudi.

Nikazunguka nyuma ya choo, nikashika njia ya miguu. Nilitembea mpaka paa la nyumba ya mbao likaanza kuzama, nikaangalia huku na huku, nikaingia kwenye nyasi nikakaa chini. Kukaa nako kukaonekana hakutoshi, nikalala chali. Mkoba nikauweka chini ya kichwa.

Watoto wa siku hizi hawajui raha ya kulala ndani ya nyasi ndefu. Mbingu inakuwa ndogo, ya kwako peke yako. Panzi walikuwa wakisugua miguu yao karibu na sikio langu. Kulikuwa na harufu ile ya majani yaliyokomaa, tamu na kavu, harufu ya mwezi wa kwanza kwetu mvua ikiwa imekatika. Nilisahau kwamba niko kazini. Nilikuwa karibu kulala kabisa nikasikia "Mama" kutoka kushoto, na baada ya muda, "Mama" kutoka kulia.

Mpango wangu ulikuwa huu. Watanitafuta, hawataniona, watalazimika kuulizana. Mtu mwenye akili angeuliza, wewe umetazama upande gani? Lakini hawa ni wangu na mzee wangu. Kila mmoja alikuwa anaita kivyake, akiita kwa zamu, mmoja akimaliza mwingine anaanza, na hakuna anayemwambia mwenzake neno. Sauti ya Chepngetich ikaanza kupanda. Ya Kipngeno ikaanza kukatika. Hapo nikaona utani umezidi. Nikataka kuinuka nijitokeze, lakini kabla sijaanza kuutafuta mkono wa kujiinulia, nyasi zikafunguka pande zote mbili kwa pamoja.

Sikuwa nimepanga jambo la kusema. Nikafumba macho.

Wakapiga magoti. Mmoja akashika mkono huu, mwingine akashika huu, vidole kwenye mshipa. Nilijua bila kuona kwamba kila mmoja anatazama saa yake. Huyu analea wazee wa watu, yule ni nesi wa wagonjwa mahututi. Nilikuwa nimelala katikati yao nikipimwa mara mbili kwa bei ya moja.

 Halafu Kipngeno akauliza, "Ngapi?"

 Chepngetich akamaliza kuhesabu kwanza.

"Sabini na sita," akasema.

"Hata mimi."

Ndiyo maneno yao ya kwanza tangu ile nyama ya mbuzi.

"Amekunywa dawa ya presha?"

"Amekunywa. Unafikiri simpi?"

"Nimeuliza tu."

"Umeuliza kama mtu wa ICU."

"Mimi ni mtu wa ICU."

"Basi mtazame macho."

Kidole cha Kipngeno kikagusa kope langu, kikaliinua kidogo. Nikaona jua, nikaona pua ya mwanangu. Kope likarudishwa taratibu. Wakanyamaza ghafla. Nikadhani wanaogopa.

"Mkinge kwa kivuli chako, jua lisimpige," Chepngetich akasema. Nikasikia wanakaa chini, mmoja huku, mmoja huku, bila kuniachia mikono.

Kipngeno akasema, "Habari ya baba ilinipata kwa simu, nimevaa glavu, nimesimama juu ya mgonjwa wa watu. Leo nimeona lile sanduku peke yake pale kwenye maegesho, nikasema basi, na hii nayo nimechelewa."

"Ungekuja kumzika."

"Ningekuja na nini, Chepngetich? Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado ofisini. Ukitoka nje ya nchi kabla hazijaamuliwa, zinafutwa. Ningekuja, nisingerudi."

"Karatasi gani? Si ulituambia zilitoka zamani."

"Niliwaambia."

Upepo ukapita juu yetu, nyasi zikalala, zikainuka.

"Baba alijua," akasema. "Nilimpigia wiki ile, akiwa bado anaongea. Nikamwambia nakuja, liwalo na liwe. Akaniambia, wewe kaa hapo. Siku hiyo mimi nitakuwa nimelala, sitakuwa na nafasi ya kuhesabu waliokuja. Lakini ukipoteza hiyo kazi, hiyo nitaisikia hata huko nitakakokuwa."

Huyo alikuwa mzee wangu hasa. Maneno yake, na ule ujeuri wake wa kitandani. Hakuniambia. Alikaa na mimi siku zile zote za mwisho, nikimgeuza, nikimlisha, na hilo akalishika mwenyewe asimwaibishe kijana. Chozi likatoka pembeni ya jicho langu, likateremka kuelekea sikioni. Linawasha vibaya chozi la sikioni, na mikono yangu ilikuwa imeshikwa yote miwili.

"Mbona hukuniambia?" Chepngetich akauliza.

"Nikuambie wewe? Umepewa maiki dakika mbili ukanimaliza mbele ya kanisa. Ningekuambia habari za karatasi zingefika Fort Worth kabla ya sala ya mwisho."

Hapo nilimwelewa. Kwa watu wetu wa huku unaweza kumuuliza mtu mshahara wake, uzito wake, na kwa nini hajazaa. Karatasi huulizi. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kukaa miaka hawajui mwenzao anaishi kwa karatasi ya aina gani.

"Na ukaondoka na sufuria," Chepngetich akasema. Sauti yake ilikuwa imejaa maji.

"Nyama ilikuwa yangu."

"Watu walikula wali mtupu, Kipngeno. Mchungaji alikula wali na Fanta."

Nikasikia Kipngeno anacheka kupitia puani, anajizuia. Halafu mkono wangu wa kushoto ukaachiliwa. Nikasikia nyasi zinang'olewa, kwa nguvu, kama mtu anayekata kuni. Nikafungua jicho moja, kidogo tu.

Chepngetich alikuwa amesimama na fungu la nyasi mkononi, zile nyekundu, ndefu kuliko yeye, zimebeba mizizi na udongo. Amezinyoosha kwa kaka yake kwa mikono miwili. Kwetu mtu akikunyooshea nyasi hajakuletea zawadi. Ameomba yaishe, na wewe ukizipokea, yamekwisha, hurudi tena kuyachimbua. Sijui alilijulia wapi. Amekulia mabweni ya shule na hospitali. Pengine aliona kwa bibi yake.

"Nilikusema vibaya," akamwambia. "Mbele ya watu. Sikuuliza."

Kipngeno alizitazama zile nyasi. Nikasahau kufumba jicho. Alikaa muda mrefu hivi, uso wa baba yake kabisa, mpaka nikataka kunyoosha mguu nimpige teke. Halafu akasimama, akazipokea.

"Samahani," sauti ya tatu ikasema kwa Kiingereza. "Hapa hatung'oi chochote."

Yule mama wa kofia alikuwa amesimama kwenye njia. Fikirini alichokiona. Mama Mwafrika amelala chali, juu yake watu wazima wawili wanalia, na mmoja ameshika robo ya mbuga. Kipngeno akaanza kueleza, akachanganya desturi na presha na samahani. Mama yule akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, basi, zimeshang'oka, siwezi kuzirudisha. Mkae nazo. Ila zisitoke getini.

Akanitazama mimi. Akaongeza neno lingine, na ndani ya neno hilo nikasikia nyoka. Kiingereza changu kiliishia darasa la saba, lakini nyoka tulifundishwa mapema, na picha. Akasema wale wenye njuga mkiani wanapenda kujilaza hapa hapa kwenye joto, asubuhi amemwona mmoja.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka nikiwa nimeshafika kwenye njia, mkoba kwapani, kitambaa kimekaa upande.

Watoto wangu hawakushtuka hata kidogo. Walikuwa wanaegemeana wanacheka, mpaka Chepngetich akakaa chini tena.

"Mlijua," nikasema.

"Mama, nilipoinua kope lako lilipigana na mimi," Kipngeno akasema. "Mtu aliyezimia hapigani."

"Na mkanyamaza."

"Alinikonyeza, nikanyamaza," Chepngetich akasema, akafuta macho kwa kiganja. "Ilikuwa rahisi kuongea ukiwa umekufa kidogo."

Zile nyasi Kipngeno alizilaza vizuri chini ya bango la mbuga, ndani ya geti, akazipanga kama anayelaza mtoto. Mimi sijui chochote kuhusu bua moja lililokuja kuonekana ndani ya kitambaa changu.

Basi hakuna aliyeondoka. Gari la Chepngetich lilibaki pale, tukapanda la Kipngeno sote watatu, na mama wa kofia akatuonyesha kwenye ramani vitu vingine vya kaunti yao, akavizungushia duara kwa kalamu kama mwalimu anayetoa alama. Tulienda kwenye kijito, nikavua viatu nikatia miguu, maji baridi, dagaa wadogo wakaja kunichungulia vidole. Tukaenda kwenye shamba lenye nyati wao wa huku, wana manyoya ya kichwani kama wanaume waliokosa kinyozi, tukasimama kwenye uzio, nao wakatutazama bila kuvutiwa. Tulipanda mnara wa mbao. Nililalamika kila ngazi, na juu nikanyamaza, kwa sababu kutoka pale nilikiona kile kipande cha nyasi chote, chekundu katikati ya mashamba ya watu. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikataja watu wote, wakiwemo wachunga majani. Kipngeno akasema amina. Chepngetich akasema amina baada yake, hakungoja.

Jua likaanza kuinama tukarudi upande wa mji. Walikuwa wamekaa mbele wote wawili, mimi nyuma na sanduku langu. Kipngeno alikuwa anasema ng'ombe wa baba aliyevunja jiko alikuwa na pembe moja. Chepngetich akasema wewe hukuwepo, ulikuwa shule, alikuwa na pembe mbili na moja imepinda. Kipngeno akasema yeye ndiye aliyelijenga lile jiko upya, atasahauje pembe. Chepngetich akasema ulijenga vibaya, likaanguka tena. Wakaendelea hivyo, hakuna anayemaliza sentensi, mikono inaruka, na gari linakwenda.

Mahakama ya mawe mekundu ikatokea, na duka la mikate kando yake limewasha taa. Nikasema nina njaa.

Hakuna aliyenisikia. Nikasema tena, kwa sauti ya chini zaidi, wasije wakanisikia.